Papa wa Baharini, Papa wa Roma na Papa wa Soroti

Mwishoni mwa Novemba 2015, Papa Fransisko alipokuwa akisubiriwa Namugongo, mahali pa hija ya mashahidi wa Uganda, redio za Kampala zilimtaja kutwa kucha. Jirani yangu wa wakati huo, mama wa Mombasa aliyeolewa huku, alikuwa na mtoto wa miaka sita hivi ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha pwani na Kiganda chake cha kuokota mtaani. Asubuhi moja alinifuata barazani, akaniamkia, kisha akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli: "Mjomba, huyo papa atapita wapi, na huku hakuna bahari?"

Swali lake lilikuwa na mantiki kamili. Kwao papa ni samaki mkubwa mwenye meno ya msumeno, na mama yake alikuwa akiletewa kutoka Mombasa vipande vya papa mkavu, akiviroweka usiku mzima ili chumvi ipungue, akivichambua kwa vidole na kuvipika kwa nazi na bizari hadi ngazi yote ya nyumba yetu ikanuka bahari. Mtoto aliyekula mchuzi huo Jumamosi akasikia Jumatatu kwamba papa anakuja kwa ndege kuombea watu angefikiri nini? Nilimjibu kwa ufupi kwamba hao ni papa wawili wasiojuana. Jibu refu sikuwa nalo siku ile, na tangu hapo nimekuwa nikilitafuta, maana nilipoanza kulifuatilia neno hili niligundua kwamba hata wawili ni wachache.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Mbali na samaki, tuna kitenzi kupapa, yaani kutetemeka au kudunda kwa haraka, kama moyo wa mtu aliyeshtuka unavyopapa. Tuna pia papa ya kusisitiza mahali, tunaposema "papa hapa nilipokuacha ndipo nitakapokukuta." Hiyo ya tatu haihusiani kabisa na samaki wala na moyo, kwa sababu ni kiambishi cha mahali, pa-, kilichorudiwa mara mbili, na ndicho kinachosikika katika hapa, hapo, pale na papo kwa papo. Juu ya hizo akaja Papa wa Roma, aliyeletwa na wamisionari. Cha ajabu ni kwamba sarufi yetu haimsaidii msikilizaji hata kidogo. Samaki na askofu wote wawili ni viumbe hai, kwa hiyo wote huchukua upatanisho ule ule: papa amevuliwa, Papa amewasili. Kwenye maandishi herufi kubwa hutuokoa, lakini redio haina herufi kubwa, na ndiyo maana yule mtoto alipotea.

Kihispania, lugha aliyozaliwa nayo Fransisko mwenyewe kule Argentina, kina mtego unaofanana na huo, ila kimejiwekea alama za kuutegulia. Ukisema el papa, kwa jinsi ya kiume, unamtaja Baba Mtakatifu. Ukisema la papa, kwa jinsi ya kike, unataja kiazi mviringo. Ukivuta mkazo hadi silabi ya mwisho, papá, unamwita baba yako mzazi. Maneno matatu yanatofautishwa na kitu kidogo kama kibainishi au mkazo, na hakuna mtoto wa Buenos Aires anayedhani kwamba kiazi kimechaguliwa na makadinali.

Kiazi hicho kina historia inayojulikana vizuri. Papa ni neno la Kikechua, lugha ya milima ya Andes, ambako wakulima walianza kupanda viazi hivyo maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika Peru mwaka 1532. Wageni walichukua mmea pamoja na jina lake, kama ilivyo kawaida mtu anapokutana na kitu ambacho kwao hakipo. Lakini tayari walikuwa na neno jingine, batata, walilolipata kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, ambalo kwao lilikuwa jina la kiazi kitamu. Viazi viwili na majina mawili yakagongana midomoni mwa watu wa Hispania, na kutokana na mgongano huo likazaliwa neno patata, ambalo baadaye Waingereza waliligeuza kuwa lao. Wareno walibaki na batata, na kutoka kwao ndiko Kiswahili kilikopata mbatata. Wapo wanaosimulia kwamba Wahispania waliiacha papa ya Kikechua ili wasimvunjie heshima Papa wa Roma. Hadithi hiyo haisimami, kwa sababu Amerika yote inayosema Kihispania, ambako Ukatoliki una mizizi mirefu, inaendelea kukiita kiazi papa hadi leo bila mtu yeyote kukwazika.

Kwetu Uganda kiazi hiki kinastawi hasa Kigezi, kwenye matuta ya milima ya Kabale na Kisoro, na mjini Kampala watu hukiita kwa jina la nchi ya Ireland, ambako wala hakikutoka. Taasisi kubwa ya kimataifa inayokitafiti, iliyoanzishwa Lima mwaka 1971, inaitwa kwa Kihispania Centro Internacional de la Papa. Mswahili akilisoma jina hilo bila onyo, atadhani ameona kituo cha kuchunguza samaki.

Papai nalo lisituchanganye. Jina la tunda hilo, ambalo Waganda huliita eppaapaali, lilitoka katika lugha za wenyeji wa Karibi kwa njia ya Wahispania na Wareno, na halina udugu wowote na kiazi cha Andes wala na papa yeyote kati ya hao wengine. Ni silabi tu zilizopishana njiani.

Sasa tumgeukie Papa wa Roma, maana yeye ndiye aliyesafiri mbali zaidi, na safari yake ina kipande kinachotuhusu sisi Waafrika ambacho hakisemwi vya kutosha. Mtoto wa Kigiriki wa zamani alimwita baba yake páppas, kwa sauti ile ile ya utoto. Wakristo wa awali walilichukua neno hilo la nyumbani wakawapa maaskofu wao, kwa namna ile ile ambavyo sisi leo tunamwita padri "baba." Lilikuwa neno la mapenzi kabla halijawa neno la mamlaka. Na askofu wa mapema kabisa ambaye tunajua aliitwa hivyo hakuwa wa Roma. Alikuwa Heraklas wa Aleksandria, huku Misri, aliyeongoza kanisa hilo kati ya mwaka 232 na 248. Kwa karne kadhaa jina hilo lilitumika kwa maaskofu wengi, na ni mwishoni mwa karne ya 11, wakati wa Gregori VII, ambapo Kanisa la Magharibi lilitamka wazi kwamba ni la askofu wa Roma peke yake.

Aleksandria haikuliacha. Patriaki wa Wakopti hadi leo huitwa Papa, na Patriaki wa Waorthodoksi wa Kigiriki wa mji huo huo ana cheo cha Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote. Hilo si jambo la vitabuni kwa mkazi wa Kampala. Mwaka 1929 Reuben Spartas Mukasa alianzisha kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika hapa Uganda, na mwaka 1946 Aleksandria ililipokea rasmi. Makao yake yako kilima cha Namungoona, safari fupi ya bodaboda kutoka kilima cha Rubaga lilipo kanisa kuu la Wakatoliki. Jumapili asubuhi, katika mji mmoja na pengine kwa saa ile ile, waumini wa Rubaga humwombea Papa aliyeko Roma na waumini wa Namungoona humwombea Papa aliyeko Aleksandria. Hapa, tofauti na samaki na kiazi, neno ni moja kwa asili. Limegawanyika kwa matumizi tu, na mtu anayesema kwamba mmoja ndiye "Papa wa kweli" kwa maana ya neno lenyewe anajadili imani, hajadili lugha.

Hadi hapa tumeona mambo mawili: maneno yaliyofanana kwa bahati, na neno moja lililosafiri. Kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Mbona mtoto wa Kigiriki alimwita baba yake kwa sauti zilizo karibu mno na zile za mtoto wa Kihispania, wa Kirusi, wa Kichina, na wetu anayesema baba? Je, lugha zote hizo ni ndugu?

Mwanaisimu Roman Jakobson alilishughulikia swali hili katika makala aliyoiandika mwaka 1959. Alikuwa na orodha ya maneno 1,072 ya kuwaita wazazi, iliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Murdock kutoka lugha za pande zote za dunia, na orodha hiyo ilionyesha kwamba maneno ya mama yana sauti za puani kama m na n mara nyingi kupita maneno ya baba. Maelezo yake yanaanzia kwenye mwili wa mtoto. Sauti rahisi kuliko zote ni kufunga midomo na kuifungua kwa a iliyo wazi, na mwili huo mdogo ukirudia tendo lake hupatikana mama, baba, papa. Mtoto aliye kwenye ziwa la mama yake midomo yake imezibwa, kwa hiyo mguno wake hupita puani na kuwa m. Akilitamani ziwa hata pale ambapo halipo, huguna hivyo hivyo. Mzazi aliyekaa karibu husikia jina lake katika mguno huo, hulirudia, hulicheka, na kwa furaha yake neno linazaliwa. Mtoto hutoa sauti, na mtu mzima ndiye anayeipa maana.

Kwa kuwa maana hutolewa na watu wazima, inaweza kugeuzwa, na hapo ndipo wanaotafuta udugu kwa kusikiliza mfanano hukwama. Katika Kijojia, lugha ya milima ya Kaukasi, mama ni baba, na mzazi wa kike huitwa deda. Katika Kirusi, baba ni mwanamke wa makamo au mzee. Kilatini kilitumia sauti hizo hizo kwa chakula cha mtoto, na Waholanzi huita uji pap. Neno hilo walilipeleka Afrika Kusini, na leo ule unga uliosongwa ambao sisi tunauita posho, wao huuita pap. Ni sauti ile ile ya mtoto anayefungua midomo, ila safari hii mzazi aliielewa kuwa ana njaa.

Wajapani wanatupa ushahidi ambao kila nikiukumbuka nafurahi, kwa sababu umehifadhiwa ndani ya kitendawili. Katika mkusanyo wa vitendawili wa karne ya 16 kuna hiki: kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hazikutani hata mara moja. Jibu lake ni midomo. Ukimtegea Mjapani wa leo hatakitegua kwa masikio yake, kwa maana mama kwake ni haha na baba ni chichi, na katika maneno hayo yote mawili midomo haigusani kamwe. Kwa hiyo wataalamu walielewa kwamba aliyetunga kitendawili hicho alitamka neno la mama kwa midomo yote miwili, kitu kama fafa, na hatua nyingine za mabadiliko zinawarudisha nyuma zaidi hadi papa. Yaani Mjapani wa kale alipoita papa, alikuwa anamwita mama yake. Vizazi vingi baadaye neno papa lilirudi Japani kutoka Ulaya, likiwa na maana ya baba.

Wamaori wa New Zealand nao wana Papa ambaye ni mama. Papatūānuku, ambaye jina lake hufupishwa kuwa Papa, ni dunia mama, mke wa Rangi, yaani mbingu. Lakini hapa tusiharakishe kusema ni neno la utoto, kwa sababu katika Kimaori papa ni kitu kipana kilicho bapa, kama ubao au sakafu ya ardhi, na jina la mama dunia linaingia vizuri katika maana hiyo. Ni mfanano wa bahati uliovaa nguo za familia.

Tutajuaje basi kipi ni udugu, kipi ni mkopo na kipi ni bahati? Mfanano wenyewe hautoshi, na hesabu ndogo inaonyesha sababu. Lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5 inaweza kutengeneza silabi 100 za konsonanti na irabu, na kwa hiyo maneno 100 tu ya silabi moja iliyorudiwa kama papa, bobo au titi. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000. Maneno machache hivyo yakigawanywa kwa lugha nyingi hivyo, ajabu ingekuwa yasipogongana.

Kinachotafutwa ni utaratibu wa sauti unaojirudia, na Kiganda kinatufundisha jambo hili vizuri. Pale Kiswahili kinaposema kupa, Kiganda husema okuwa. Kiswahili hapa, Kiganda wano. Kiswahili kupita, Kiganda okuyita. Maneno hayo hayafanani sana sikioni, lakini p yetu inakutana na w au y yao kwa mpangilio, na p yenyewe hujitokeza tena ikitanguliwa na m: Mganda husema okuwa, lakini akitaka kupewa husema mpa. Sauti ya kale imejificha hapo, kama sarafu iliyoshonwa kwenye pindo la nguo. Huo ndio udugu unaothibitika, na hausikiki mpaka uufuatilie.

Chukua sasa kitenzi cha Kiganda okupapa, ambacho hakuna mkazi wa Kampala asiyekijua, kwa sababu ni kuharakisha, kuwa na pupa. "Ssebo, topapa" ni maneno unayoambiwa ukitaka kuvuka barabara bila kutazama. Mswahili akisikia hivyo hukumbuka papara, na moyo unaopapa, na hutaka kusema papo hapo kwamba ni neno moja. Mimi mwenyewe nilishawishika hivyo kwa muda mrefu. Lakini kama okupapa lingekuwa limerithiwa kwa njia ile ile ya kupa na kupita, p zake zote mbili zingekuwa zimelainika, na hazikulainika. Naona kwa hiyo ni salama zaidi kulitazama kama neno linaloiga kitu, mdundo wa haraka wa moyo au wa mabawa, na kuiga kama huko kunaweza kutokea katika lugha mbili bila moja kumwuliza mwenzake.

Ninalisisitiza hili kwa sababu hapa kwetu mfanano wa neno moja umebebeshwa mizigo mizito. Nimewasikia watu wazima, wasomi pia, wakisimama kwenye mkutano wa ukoo au kwenye kipindi cha redio na kudai kwamba kabila lao lilitoka Misri, Uyahudi au Uhabeshi kwa sababu ya neno moja au mawili yanayolingana, na wakati mwingine dai hilo huendelea hadi kwenye swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Neno moja haliwezi kubeba ardhi ya watu. Ukiniletea maneno mia ambayo sauti zake zinabadilika kwa utaratibu mmoja, tutaketi na kuzungumza. Ukiniletea papa, nitakuonyesha samaki, kiazi, mama wa Wajapani na bamba la ardhi la Wamaori.

Na nitakuonyesha pia Soroti, mji wa Waiteso mashariki mwa Uganda. Katika Kiteso, papa ni baba. Kiongozi wa utamaduni wa Waiteso, ambaye cheo chake ni Emorimor, watu humtaja kwa heshima kama Papa Emorimor. Kiteso ni lugha ya Kiniloti, kwa hiyo si ndugu wa Kiswahili wala wa Kiganda, ambazo ni za Kibantu, na iko mbali zaidi na Kigiriki na Kilatini. Kwa jinsi lugha zilivyogawana sauti, mzazi wa kike wa Mwiteso ni toto, neno ambalo Mswahili analisikia na kumwona mtoto.

Mahujaji wa Teso huja Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya mashahidi ya Juni 3, wengine kwa basi na wengine kwa miguu, wakichanganyika na Waganda, na Wakenya na Watanzania wanaosali kwa Kiswahili, pale walipouawa wengi wa mashahidi 22 ambao Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964 na akaja kuwaheshimu mwenyewe mwaka 1969. Jina la askofu wa Roma linapotamkwa kwenye vipaza sauti, Mganda husikia Paapa na kulijua kama jina la cheo. Mswahili wa pwani hulitenga kwanza na samaki, kisha akaendelea na sala. Mwiteso peke yake, kati ya wote waliosimama pale, husikia katika neno hilo kile kile alichokisema mtoto wa Kigiriki alipomnyoshea baba yake mikono, ingawa hakuna mtu aliyemletea kutoka Ugiriki. Alilikuta nyumbani kwao.